Namna ya Kumleta Mgeni Buhongwa, na Namna ya Kumuaga

Usimkatie tiketi kwanza. Ushauri huu nauweka mbele ya mengine yote kwa sababu karibu kila kampuni kubwa niliyoiona ikimhamishia mtu wake Mwanza ilianza na tiketi. Jumatatu makao makuu wanaamua, Jumanne tiketi inakatwa, Jumatano dalali anaagizwa nyumba inayotazama ziwa, na Alhamisi jioni afisa rasilimali watu wa huku, ameshashika mkoba arudi kwake, anapigiwa simu: "Samahani dada, hivi kuna karatasi zozote anazohitaji huyu?"

Zipo, na zina mpangilio wake.

Mimi naishi Buhongwa. Mgeni akitua uwanja wa ndege wa Mwanza, akavuka mji, akapita Mkuyuni na Nyegezi, atatupita sisi kabla hajafika Usagara, pale njia ya Geita inapoachana na ya Shinyanga. Kwa hiyo tumewaona wote: wa migodini, wa reli ya kisasa kule Fela, wa Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, na wa viwanda vya samaki. Kazi yangu ni ufundi wa mitambo ya ubaridi. Nimefanya kazi chini ya maekspati na nimefanya kazi bega kwa bega nao, na wawili kati yao niliwasindikiza uwanja wa ndege nikilia. Siandiki kwa chuki. Naamini kabisa kwamba mgeni anaweza kuwa baraka kwa kiwanda na kwa mji mzima, na karatasi inayoamua kama atakuwa baraka ni ileile ambayo watu huijaza mwisho, usiku, kwa kunakili ya mwaka juzi. Tutaifikia.

Kwanza elewa kwamba neno lenu "uhamisho" halina fomu Tanzania. Kwenu mtu ametoka ofisi moja kaingia nyingine: mwajiri yuleyule, nembo kifuani ileile, hata namba yake ya mfanyakazi haikubadilika. Nchi nyingine zina mlango wa watu kama yeye. Marekani ina viza ya L-1 tangu 1970, nayo inadai mtu awe ameitumikia kampuni hiyo nje kwa mwaka mmoja mfululizo ndani ya miaka 3 iliyotangulia. Umoja wa Ulaya ulitoa maelekezo yake mwaka 2014: meneja na mtaalamu hadi miaka 3, mwanagenzi mwaka 1. Afrika Kusini wana viza ya uhamisho wa ndani ya kampuni, ya miaka 4. Sisi tuna Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Namba 1 ya mwaka 2015, yenye madaraja 5 ya kibali cha kazi. A ni ya mwekezaji. B ni ya fani zilizotajwa, kama watu wa tiba, wataalamu wa mafuta na gesi, na walimu wa sayansi na hisabati. C ni ya fani nyingine zote, D ya shughuli za dini na hisani, E ya wakimbizi. Hakuna daraja la "katumwa na makao makuu". Mtu wenu ataingia C, mara chache B, na ataulizwa swali lilelile analoulizwa mtu aliyeajiriwa jana kutoka nje: kwa nini yeye, kwa nini asiwe Mtanzania?

Kusema "kwa sababu ni wetu" si jibu. Lakini jibu zuri mnalo, na nasikitika kila ninapoona halikuandikwa. Mtu wa uhamisho anajua kitu ambacho hakifundishwi chuoni: anaujua mtambo wenu, programu yenu, namna yenu ya kukagua ubora. Basi semeni hivyo, waziwazi: "Huyu aliufunga mtambo wa aina hii katika kiwanda chetu dada, akauendesha miaka 6, na sasa tunaufunga Mwanza." Sentensi hiyo moja ina nguvu kuliko kurasa tatu za sifa za kampuni, na tena inamwonyesha Kamishna wa Kazi ni ujuzi gani hasa unaoingia nchini na kwa hiyo ni upi unaopaswa kubaki.

Hapohapo rekebisha cheo. Makao makuu hupenda vyeo virefu kama treni ya mizigo: Kiongozi Mwandamizi wa Uboreshaji Endelevu wa Ufanisi, Kanda ya Kusini mwa Sahara. Afisa kazi akisoma hicho hajui kama mtu huyu anashika spana au anashika kalamu, na asipojua hawezi kupima kama Mtanzania wa kazi hiyo yupo. Andika anachofanya: anasimamia mitambo ya ubaridi ya amonia na mafundi 14. Kibali hutaja mwajiri na cheo, kwa hiyo cheo utakachoandika ndicho atakachoishi nacho. Na kama kampuni yenu imesajiliwa hapa nchini mara mbili kwa majina mawili, hao ni waajiri wawili. Mtu wa kwanza hasogezwi kwenda kwa wa pili kwa simu ya bosi.

Malango ni mawili. La kwanza ni la Kamishna wa Kazi, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, anayetoa kibali cha kazi. La pili ni la Uhamiaji, wanaotoa kibali cha ukaazi. Hapa watu hupotea kwa sababu ya herufi: mwenye kibali cha kazi daraja C hupewa kibali cha ukaazi daraja B. Si kosa la uchapaji. Ni sheria mbili tofauti, kila moja na alfabeti yake, na mhasibu asiyejua hilo atalipia kisichotakiwa. Kanuni za 2016 ziliweka ada ya kibali cha kazi kuwa dola 1,000 kwa daraja C na dola 500 kwa daraja B, na kibali kina miezi 24 kabla ya kuhuishwa. Tangu 2021 maombi hupita mtandaoni. Andaa mkataba uliosainiwa, wasifu, vyeti vilivyothibitishwa, maelezo ya kazi, muundo wa kampuni, ushahidi kwamba mlimtafuta Mtanzania, na mpango wa urithishaji. Vyeti vya Kichina au Kireno vitafsiriwe. Kama mtu ni mhandisi, Bodi ya Usajili wa Wahandisi nayo inamsubiri. Haingii kwenye eneo la ujenzi akijiita mhandisi kwa sababu tu kwao anaitwa hivyo.

Ukiwa katikati ya safari hii utakutana na vishoka. Kishoka anavaa vizuri, anaongea taratibu, na ana "mtu wake wa ndani". Mkimbie. Sisemi hivyo kwa kuwa mimi ni mlokole wa taratibu. Kibali cha kughushi kikigundulika, kishoka huwa ameshabadilisha laini ya simu, na anayesimamishwa getini ni mgeni, mtu asiyejua Kiswahili, aliyewaamini ninyi kwamba mnajua mnachofanya. Nimeona mtu mzima wa miaka 50 akitetemeka kama mtoto, ameshika bahasha asiyoweza kuisoma. Hakuna haraka ya kampuni inayostahili kumfikisha binadamu pale.

Kosa la pili kwa ukubwa ni ile kauli ya "aje kwanza na viza ya biashara, mengine tutamalizia akiwa huku". Viza ya biashara ni dola 250 na siku zisizozidi 90. Inamfaa fundi anayekuja kufunga kifaa, mkaguzi, mtu wa kikao. Haimfai anayekuja kukalia kiti cha meneja, kusaini mishahara na kununua mbuzi wa Krismasi.

Wa kutoka jirani nao wana jambo lao. Kuna wazee Mwanza wanaokumbuka enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, ambapo karani au fundi wa meli alihamishwa Kisumu, Port Bell au Mwanza kwa barua moja ya uhamisho, akapanda meli na familia yake na kuku wake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya enzi zile ilivunjika 1977, na watu waliokuwa wafanyakazi wakalala wakaamka wageni. Jumuiya ya sasa ina Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inayotaka ombi la kibali lijibiwe ndani ya siku 30. Lakini uhuru huo umefungwa kwenye jedwali la fani ambazo kila nchi ilikubali kuzifungua. Lisome jedwali la Tanzania kabla hujamwambia Mkenya wako kwamba Afrika Mashariki ni moja. Na ukitaka kumsogeza mtu kutoka ofisi ya Mwanza kwenda ya Zanzibar, kumbuka kwamba uhamiaji ni jambo la Muungano ila kazi si jambo la Muungano: ukaazi unashughulikiwa na Uhamiaji ileile, kibali cha kazi anaanza upya kwa mamlaka za Zanzibar.

Neno moja kuhusu familia, na naomba lisomwe na yule anayetayarisha ofa. Mke au mume anayeandamana na mgeni anaruhusiwa kuishi, haruhusiwi kuajiriwa mpaka apate kibali chake mwenyewe. Nilimjua mama mmoja, mwalimu wa muziki kwao, aliyekaa miaka miwili akitazama mawe ya Mwanza kupitia dirisha. Mawe yetu ni mazuri, lakini si ya kutazamwa miaka miwili. Hakuna aliyemwambia kabla ya kupanda ndege. Mwambieni mapema, naye aamue akiwa na taarifa zote.

Sasa tufike kwenye ile karatasi.

Sheria ya 2015 inamtaka mwajiri afanye mambo mawili kabla ya kupewa mgeni: aonyeshe kwamba ametafuta mzawa akakosa, na aandae mpango wa urithishaji, yaani namna ujuzi wa mgeni utakavyohamia kwa Mtanzania katika muda wa kibali chake, pamoja na mafunzo yatakayomwezesha Mtanzania huyo kuishika kazi. Sheria yote, kwa jinsi ninavyoisoma, imo ndani ya msemo ambao bibi zetu walikuwa nao kabla ya bunge lolote: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anakaribishwa kwa sababu mwenyeji ana kidonda. Kama mgeni ameingia, amekula, ameondoka, na kidonda kiko palepale, basi hatukupokea mgeni, tumepangisha chumba.

Nitasimulia yaliyonipata, na kampuni yenyewe sitaitaja.

Siku moja walikuja maafisa kazi kukagua. Mmoja alikuwa mama wa makamo, ameshika faili. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akanitazama kuanzia buti hadi kofia, akauliza, "Wewe ndiye mrithi wa huyu bwana?" Fundi mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu akanong'ona, "Kwani nani amefariki?"

Yule mama akafungua faili akanionyesha. Jina langu lilikuwa pale, kwenye jedwali zuri lenye rangi. Mwezi wa 1 hadi wa 6: mrithi atajifunza mfumo. Mwezi wa 7 hadi wa 18: mrithi atafanya kazi chini ya uangalizi. Mwezi wa 19 hadi wa 24: mrithi atakabidhiwa. Akafungua faili la mgeni aliyemtangulia huyu: jedwali lilelile, jina langu. Na la aliyetangulia kabla yake: jina langu tena. Wageni watatu walikuwa wamepewa vibali kwa mgongo wangu na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia. Jina langu lilikuwa limekosewa herufi moja, na kosa hilo lilinakiliwa mara zote tatu.

Baada ya mgeni huyo kuondoka, kompresa kubwa ilijizima usiku, saa tisa. Paneli ikadai nywila. Nilikuwa na miaka 11 katika karakana ile. Nilijua sauti ya kila beringi. Nikiingia mlangoni tu ningekwambia pampu ipi ina kiu ya mafuta. Nywila sikuijua, kwa sababu ilikuwa kichwani mwa mtu aliyekuwa amelala bara jingine na simu yake imezimwa. Tulihamisha minofu ya sangara kwa mikono, wanawake wa sakafuni na walinzi na madereva, tukaifunika barafu ya kuazima. Alipokea simu saa nne asubuhi, akatutajia tarakimu sita. Sehemu ya samaki ilikuwa imeshaharibika, na kina mama waliolipwa kwa siku walirudishwa nyumbani siku tatu bila kazi.

Simlaumu mgeni yule peke yake. Karatasi ile aliiona dakika aliyoisaini. Hakuna aliyemwita tukakaa watu watatu, tukaambiwa: wewe unamfundisha huyu, na wewe unafundishwa na huyu. Kikao cha nusu saa kingeokoa samaki wale.

Basi mpango wa urithishaji uandikwe hivi. Chagua mtu, umwite kwa jina lake, umwambie. Kama mrithi hajui kuwa ni mrithi, huna mrithi. Mpe nakala ya mpango asaini naye, na ikiwezekana mshahara usogee kidogo, kwa sababu unamwongezea mzigo. Andika ujuzi kwa vitenzi vya mkono: afungue, asome, apime, aandike, aamue. "Kupata uelewa wa jumla" si ujuzi, hakuna kompresa iliyowahi kuwashwa kwa uelewa wa jumla. Weka tarehe za kumjaribu, na jaribio lenyewe liwe la kweli: mgeni akienda likizo, mrithi akalie kiti, apokee simu za usiku, asaini anachotakiwa kusaini, na mgeni akirudi asifute alichofanya mwenzake bila kumweleza sababu. Nywila, funguo, namba za wauza vipuri na majina ya watu wa kuwapigia yaandikwe siku ya kwanza, yafungiwe kwenye kasha ambalo mrithi ana ufunguo wake.

Chagua pia mrithi wa pili. Buhongwa iko kwenye njia ya Geita, na fundi akishaiva migodi inamwona. Sina kinyongo na anayekwenda kutafuta maslahi. Mtoto wake naye anakula. Lakini kampuni inayolia kwamba "tunawafundisha wanaondoka" huku imefundisha mmoja tu katika miaka 6 ilijitakia.

Na kuna jambo moja ambalo kampuni yenye matawi duniani inaliweza kuliko kiwanda chochote cha mtu mmoja, na ndilo ninalotamani lingekuwa la kawaida. Mpelekeni mrithi kule alikotoka mgeni. Miezi mitatu tu. Akauone mtambo ule kwenye kiwanda dada, akashike makosa yaliyokwisha kufanyika, akarudi. Njia ya uhamisho mnayo tayari, mnaitumia upande mmoja. Watanzania wa madini wameshaanza kwenda: makampuni yanayochimba dhahabu huku Kanda ya Ziwa yana migodi Ghana, Guinea na Congo. Huko Congo kaskazini mashariki, kwenye mto wa jina hilohilo, kuna mgodi mkubwa wa dhahabu uitwao Kibali, ambao Barrick na AngloGold Ashanti wanaumiliki pamoja na shirika la serikali ya Congo. Fundi wetu akipelekwa kule ataomba kibali cha kwenda Kibali, na mama yake atadhani anasema jambo moja mara mbili.

Sekta ya madini, kwa haki yake, imesukumwa zaidi ya viwanda vyetu. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania za 2018 zinadai mpango wa ajira na mafunzo, na kwa kila nafasi anayoishika mgeni, Mtanzania wa kumfuata nyuma. Matunda yapo: mgodi wa North Mara, ambao kwa miaka mingi ulionekana ni kiti cha wageni tu, uliongozwa na Mtanzania, Apolinary Lyambiko, akiwa meneja mkuu. Pale bandarini Mwanza meli ya MV Mwanza, ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilijengwa na Wakorea pamoja na vijana wetu na kuteremshwa majini Februari 2023. Ninapoitazama najiuliza kitu kimoja tu: ni wangapi kati ya vijana waliochomelea lile bamba la chini wanaweza leo kuchomelea la meli nyingine bila mtu kusimama nyuma yao? Bodi ya wahandisi ina mpango wa kumlea mhandisi aliyehitimu kwa miaka 3, akiwa na msimamizi na kitabu cha kumbukumbu anachokijaza. Mafundi nao wangepata mfano wake ningefurahi sana.

Sasa wewe mgeni. Karibu. Asubuhi utasalimiwa "mwangaluka"; itikia, hata kwa kukosea, watu watakupenda kwa kukosea kwako. Kula sato na ugali wa muhogo kwa mkono. Kisha jua kwamba "ndiyo" ya fundi wa huku mara nyingi ni heshima. Umemweleza valvu ya usalama kwa Kiingereza cha haraka, amekuitikia "yes boss", wewe umeridhika umeondoka, yeye amebaki na adabu yake na valvu asiyoielewa. Usimuulize kama ameelewa. Mwambie akuonyeshe. Mpe spana, wewe rudi hatua moja nyuma, weka mikono mfukoni. Mikono yako mfukoni ndiyo chombo kikubwa cha kufundishia ulicho nacho, na ni kigumu kukitumia kuliko vyote.

Nawe mrithi, mdogo wangu, usikae unasubiri kufundishwa kama mtu anayesubiri daladala la Buhongwa saa nne usiku. Nunua daftari la kaunta. Andika kila alarmu, saa yake, chanzo chake, aliyeitibu na alichofanya. Ukiambiwa "hii usiiguse", uliza kwa upole ni lini utaigusa, uandike tarehe aliyokutajia. Muombe mgeni akufafanulie tena. Hatakuona mjinga, wengi wao wamekaa kwenye nchi za watu, wanajua ladha ya kutoelewa. Na ukiona jina lako kwenye karatasi yoyote ya kampuni, isome yote kabla ya kusaini, hata kama gari la wafanyakazi linapiga honi.

Kumuaga ndiko kunakoonyesha kama yote haya yalifanyika. Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walikuwa wanamzungumzia mgeni wa shambani. Mgeni wa kampuni huja na jembe lake mwenyewe, na siku ya mwisho ndiye anayetakiwa kulitoa. Mwezi mmoja kabla, aanze kuja kazini kama mtazamaji. Toeni taarifa kwa Kamishna wa Kazi na Uhamiaji kwamba ajira imekwisha, msiache kibali kikielea na jina la mtu aliyeshaondoka. Fanyeni sherehe, chinjeni, hotuba ziwe fupi. Lakini kabla ya nyama, atembee na mrithi kutoka mlango wa kwanza wa karakana hadi wa mwisho, mrithi ndiye aeleze, mgeni asikilize.

Mmoja alinifanyia hivyo, katika kiwanda nilichohamia baadaye. Alitoka kiwanda dada cha nchi nyingine, mtu mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Wiki ya kwanza tu aliniletea mpango wa urithishaji, akaketi juu ya ndoo, akanisomea wote. Jina langu lilikuwa sahihi. Miezi 20 baadaye alinipa nafasi yake, na mkoba wa spana zake ambao sheria haikumtaka auache. Huyo ni mmoja wa wale wawili niliowalilia.

Kibali cha mtu mwingine hakijaombwa tena kwa kiti kile. Mrithi wangu sasa ni binti wa Lwanhima, ana miaka 24, na ana daftari la kaunta. Juzi nilikuwa sokoni Buhongwa nachagua michembe, simu iko mkononi, kama kawaida yangu nikiwa mbali na kiwanda. Haikulia. Niliporudi nilikuta ameandika: saa 8:20 mchana, kompresa namba 2 imejizima, presha ya mafuta imeshuka, filta imeziba, nimebadilisha. Saa 9:05 imewaka.